Mateke Manne Kila Asubuhi

Jumamosi, 4 Januari

Mvua tangu alfajiri, na mume wangu amenikasirisha. Naandika hapa nisije nikamwambia yote kwa mdomo, maana nikianza mimi huwa siishii njiani.

Leo tumebadilisha matairi. Yale ya zamani yalikuwa vipara, na Mbeya ikinyesha hivi huwezi kwenda na vipara hata sokoni. Gari tulipewa na binti yetu Bupe, anayefanya kazi kwenye kampuni ya mbegu kule Iringa, baba yake alipoacha udereva wa malori. Ilitumika Uingereza kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo ina mambo yake. Kuna taa ya njano kwenye dashibodi, ina umbo la sufuria lenye alama ya mshangao katikati. Kazi yake ni kukuambia tairi limepungua upepo. Tangu mwaka jana ilikuwa inawaka hata upepo ukiwa umejaa.

Jailos, fundi wa matairi hapa Iyunga, alipovua tairi la kwanza akatuita tuone. Ndani ya rimu, nyuma ya valvu, kulikuwa na kidude cheusi kadiri ya kidole gumba.

"Hii ndiyo sensa, mama. Inapima upepo humo ndani, halafu inarusha habari mpaka kwenye dashibodi. Ina betri yake, na betri imekufa. Huwezi kubadilisha betri peke yake, imefukiwa kwenye plastiki. Unaweka kidude kipya. Na wakati wake ndio huu, tairi likiwa nje. Mkingoja, itabidi tuyavue tena yote manne."

Akasema zinaagizwa Dar, zinakuja na basi, na kuna mwenzake ana mashine ya kuzitambulisha kwa gari. Mimi nikasema tungoje basi.

Baba Bupe akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wanaume. "Jailos mwanangu, nimepeleka malori Tunduma na kurudi Dar wewe hujazaliwa. Sensa yangu ilikuwa hii hapa." Akapiga mguu chini, maji ya dimbwi yakanirukia sketi. "Toa hivyo vidude. Weka valvu za mpira za kawaida."

Jailos akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama mvua. Zikawekwa valvu za mpira, na vile vidude vikatupwa kwenye kopo la rangi pamoja na takataka nyingine za gereji. Mpaka sasa nimenuna, na chakula cha jioni apakue mwenyewe.

Jumapili, 5 Januari

Taa inawaka. Ukitia ufunguo inakonyezakonyeza kwanza, halafu inatulia inakutazama.

Kabla ya kwenda kanisani Baba Bupe ameizunguka gari na kulipiga kila tairi teke. Pu, anasimama kidogo, anakwenda la pili. Pu. Anasema madereva wote wa zamani walifanya hivyo kila asubuhi: tairi lenye upepo linaurudisha mguu, lililopungua linaumeza. Nakubali inapendeza kumtazama. Mwanaume mrefu, koti la mvua, kofia, anazunguka gari taratibu kama anakagua gwaride. Nilisahau kununa mpaka tulipofika kanisani.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Mateke manne. Nimeshona sare za shule mpaka mgongo umekufa ganzi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepanda gari nikakuta taa haionekani. Ameiziba kwa kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme.

"Baba Bupe, taa imejizima yenyewe?"

"Ilikuwa inanichoma macho."

"Na jino likikuuma utaziba mdomo kwa utepe?"

"Mwe! Nyie Wahehe mkishika jambo hamwachii."

Kweli, mimi Mhehe wa Kilolo na sijawahi kuachia jambo. Nikashika lingine palepale: amekwenda kliniki ya sukari mwezi huu? Akasema vidonge anavyo. Sikuuliza vidonge, nimeuliza kliniki. Ana kisukari mwaka wa saba huu, na anakichukulia kama mgeni ambaye usipomkaribisha kiti ataondoka mwenyewe. Akawasha redio ikawa ndiyo jibu lake.

Jumapili, 26 Januari

Leo nimeona jambo sijalielewa. Baridi ilikuwa kali, nikampelekea maji ya moto kwenye beseni aoshe miguu. Nilikuwa nimesahau kuchanganya na ya baridi. Nilirudi na jagi mbio, nikamkuta miguu imo ndani ya beseni, anasoma gazeti. Nikatia kidole nikakitoa haraka, yale maji yangenyonyoa kuku.

"Hayakuunguzi?"

Akatazama beseni, akanitazama mimi. "Ni ya kawaida tu. Hii miguu ya dereva, imezoea joto la injini." Akacheka, lakini akaitoa upesi na kuifunika kwa taulo kabla sijaiona vizuri.

Jumatatu, 27 Januari

Mateke manne. Nimesikia kutoka chumba cha cherehani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nikiwa Iringa, kwa Bupe, nguo zangu zinakauka juu ya viti vyake.

Tulitoka Iyunga asubuhi. Baba Bupe alipiga mateke yake manne, akasema salama. Tuliposimama Igawa kununua mahindi ya kuchoma, akazunguka tena. Pu, pu, pu, pu. "Salama." Mimi niliona tairi la nyuma upande wangu limebonyea kidogo, nikamwambia. Akarudi, akalipiga tena, kwa nguvu kweli. "Salama, Mama Bupe. Panda."

Tumepita Makambako mvua inamwagika, gari ikaanza kuvuta kushoto, halafu nikasikia nyuma kunapwaya. Akaegesha kwa ustadi wake, sikatai. Tairi lilikuwa limelala kabisa, msumari umo. Jailos alisema msumari hutoa upepo polepole, ile taa ingetuambia tangu tunatoka nyumbani. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, yamekaa tayari. Nikashuka na mwavuli niyaseme.

Sikuyasema. Baba Bupe alikuwa amesimama kwenye mvua bila kofia. Akalipiga teke tairi la mbele, zima. Akaja akalipiga hili lililolala. Akarudi la mbele. Akarudi tena la nyuma. Alikuwa kama mtu anayeonja mboga mara ya tatu na haipati chumvi.

"Nililipiga," akaniambia. "Pale Igawa nililipiga. Lilikuwa zima."

"Nilikuona, mume wangu."

"Nililipiga mara mbili."

Akafunga spea mwenyewe, mimi namshikia mwavuli. Mpaka Mafinga hakusema neno, naye ni mtu wa hadithi barabara nzima: hapa tulipinduka, pale fulani alioa. Leo barabara ilipita kimya. Nilikwenda Iringa nikiwa na hasira naye, nimefika nikiwa na hofu, na sijui hofu ya nini.

Jumapili, 9 Februari

Bupe amekuta utepe kwenye dashibodi. Mtoto wangu huyu ana mdomo wangu na ukaidi wa baba yake, basi fikiria.

"Baba, gari nimekupa mimi. Sensa nanunua mimi. Kesho naagiza."

"Ukiagiza, utakuja kuiendesha hiyo gari wewe."

"Kwani zimekukosea nini?"

Akaweka kikombe chini. "Nimelala chini ya malori kwenye tope. Nimevuka Kitonga na mzigo wa saruji usiku na mchana. Hakuna tairi lililowahi kunidanganya. Leo kioo cha dashibodi kinisimulie mimi habari za matairi? Halafu mimi nibaki nani humu ndani? Abiria?"

Hakupandisha sauti. Bupe akanitazama nimsaidie, nami kwa mara ya kwanza nilikosa upande. Nikawaambia wale, ndizi zinapoa.

Ijumaa, 14 Februari

Tumerudi. Mvua, mvua, mvua.

Ijumaa, 21 Februari

Mateke yamekuwa makubwa. Jirani yetu mama Alinanuswe ameniuliza kwa kucheka, "Mzee anagombana na gari?" Nikacheka naye. Leo moja limekosa mpira likagonga rimu, nimesikia chuma kabisa. Nikatoka mlangoni. Alikuwa amekwisha kwenda tairi la pili, hata hachechemei.

Jumatatu, 3 Machi

Kuna harufu chumbani. Anasema ni gambuti, zimelowa mvua hazikauki. Nimeziweka nje.

Alhamisi, 6 Machi

Harufu ipo. Gambuti ziko nje.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu, maana nisipoandika sitalala.

Mchana Baba Bupe alisema anasikia baridi, akajilaza na soksi zake. Nilimpelekea uji nikamkuta anatetemeka, paji la uso linawaka. Nikasema nimvue soksi nimpake mafuta. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikakataa. Nikaivuta kidogo, nikasikia harufu ile, na nikajua kabla sijaona.

Kidole gumba kilikuwa cheusi. Kimevimba, kimepinda upande, na chini yake kuna kidonda, ndani naona kitu cheupe. Wekundu umepanda mpaka karibu na kifundo. Na yeye amelala tu, mtu ambaye kidole chake kiko hivyo angekuwa analia.

Akafungua macho. "Unafanya nini?"

"Nimekuvua soksi."

"Sijasikia."

Akajiinua akautazama mguu wake. Nilikuwa nikimtazama usoni na nitamkumbuka vile mpaka nife. Hakushtuka kwa maumivu, maumivu hayakuwepo. Alishtuka kama mtu aliyeonyeshwa mali ya mwenzake imeharibika mikononi mwake.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Sijui, Faustina." Hajaniita kwa jina langu tangu Bupe azaliwe.

Nikamwendesha mimi. Alinifundisha mwenyewe zamani kwenye pikapu ya kaka yake, na leseni ninayo, lakini tangu apate gari hii nimekuwa mtu wa kushika mkoba. Nimeendesha kwenye mvua ile usukani nimeushika kwa mikono yote miwili. Yeye pembeni haoni hata barabara, anatazama magoti yake.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari ni binti mdogo, mpole, anaongea naye kama baba yake. "Baba, uligonga wapi?" Baba Bupe akautazama mguu. "Ulijikwaa?" Nikajibu mimi.

"Anapiga matairi mateke. Kila asubuhi. Kupima upepo."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akachukua kijiti chembamba, akamwambia afumbe macho na aseme kila akiguswa. Akamgusa nyayo, vidole, kisigino, mguu huu na ule. Baba Bupe alikuwa amefumba macho, anangoja kwa utulivu, anaamini daktari bado hajaanza. Daktari alimgusa mara nyingi sana. Nikageukia ukutani nikalia kwa khanga mdomoni.

Picha imeonyesha mfupa wa kidole umevunjika. Daktari akaeleza kwamba sukari imeua hisia za miguu yote miwili, na si leo wala jana. Mguu wa namna hiyo ukiumia haukupi taarifa. Kidole lazima kikatwe. Wakishakata watatazama kama sumu imesimama hapo. Ikiwa imepanda, watakata chini ya goti.

"Chini ya goti," Baba Bupe akarudia.

"Tutajitahidi isifike huko, baba. Lakini mngekuja mapema."

Mapema. Nilikuwa naye nyumba moja, kitanda kimoja. Nilisikia harufu nikalaumu gambuti.

Jumatano, 12 Machi

Bupe amefika na basi la asubuhi. Hajamlaumu mtu. Hilo limeniumiza zaidi kuliko angepiga kelele.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekata kidole gumba na kile kinachokifuata. Sasa tunangoja.

Ijumaa, 14 Machi

Homa.

Jumamosi, 15 Machi

Homa. Wekundu uko palepale, daktari ameuchorea mstari kwa kalamu kwenye ngozi. Usivuke mstari, nimeuambia. Nimezungumza na mstari wa kalamu, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Haujavuka.

Jumatano, 19 Machi

Homa imeshuka. Leo amekula ndizi za mbalaga nilizompikia, amezimaliza. Halafu akaniambia nifunge pazia.

"Unakumbuka nilivyoacha lori?"

"Mgongo."

"Haukuwa mgongo."

Akanisimulia. Alikuwa anateremka Kitonga na mzigo. Akakanyaga breki, lori halipungui. Akakanyaga zaidi. Alipotazama chini akaona mguu wake umekanyaga sakafu, pembeni ya breki. Mguu haukumwambia. Aliuhamisha kwa kuutazama, kama unavyohamisha kitu cha mezani, na lori likasimama nyuma ya basi la abiria, karibu kabisa. Alimwona mtoto kwenye kiti cha nyuma anampungia mkono. Wiki iliyofuata akarudisha ufunguo kwa tajiri wake, akasema mgongo.

Nimemchua mgongo huo. Nimemchua kwa mafuta ya mkaratusi miaka yote hii, jioni baada ya jioni, mpaka vidole vyangu vya kushonea vinauma, na mgongo ulikuwa mzima!

"Asukile, na sisi?" Nilimwita kwa jina lake, nikasahau kama niko wodini. "Sisi si ulikuwa unatuendesha? Mimi, Bupe, Iringa kwenda na kurudi! Huisikii breki na unatupakia?"

"Gari hii haina klachi. Na nasikiliza injini. Naangalia sindano ya spidi."

"Unaangalia sindano! Mimi nakaa pale nasinzia, kumbe maisha yangu yako kwenye sindano!"

Nesi akafungua pazia akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, tunazungumza. Akafunga.

Nilikuwa na hasira ya kweli, na bado ninayo ninavyoandika. Halafu nikamwuliza lile ambalo lilikuwa linanitafuna tangu gereji kwa Jailos.

"Kama ulijua mguu hausikii, sensa ulizikatalia nini? Wewe zaidi ya mtu yeyote ulizihitaji."

Alijibu akiwa anatazama dari. "Kila asubuhi nilikuwa napiga nikitumaini leo nitasikia. Kidogo tu. Nikikosa, kesho yake naongeza nguvu. Kama gari ingejua upepo yenyewe, ningekuwa na sababu gani tena ya kupiga?"

Nilikuwa nimekwisha kumpangia majina: mkaidi, mwenye kiburi, mwanaume wa Kinyakyusa asiyeshauriwa. Nilimpa majina hayo hata humu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaubembeleza mguu wake uamke, na mimi dirishani nahesabu mateke. Nikapanda kwenye kile kitanda chembamba nikakaa naye. Nesi alipita akaona, akajifanya hajaona.

Jumatatu, 24 Machi

Mguu umebaki! Daktari amesema kidonda ni safi na sumu imesimama. Bupe amepiga vigelegele kwenye ukumbi wa hospitali, wagonjwa wa watu wakashtuka.

Jumatano, 2 Aprili

Nyumbani. Masharti: sukari ipimwe, kliniki asikose, asitembee peku hata chumbani, akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Na kila jioni mtu aitazame miguu yote miwili, juu, chini, katikati ya vidole. Daktari alinitazama mimi aliposema mtu.

Jioni nimeleta kiti na taa. Amesema kesho.

Alhamisi, 3 Aprili

Amesema ataitazama mwenyewe. Hawezi, mgongo haukunjiki. Nikamwambia mgongo huo nimeuchua sana, ukunje. Tumecheka mpaka machozi, lakini miguu hajaitoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Ufunguo wa gari amenipa mwenyewe. Ameuweka juu ya cherehani yangu, juu ya kitambaa cha mteja, akaenda zake na fimbo.

Nimempeleka kwa Jailos. Sensa zilifika na basi jana. Bupe aliagiza, safari hii hakuna aliyebisha. Jailos alipomwona anashuka na mguu wenye bandeji, akaacha kila kitu akaja kumletea kiti. "Pole sana, mzee wangu." Ndiyo, ikabidi matairi yavuliwe yote manne, mapya vilevile, kama alivyotuonya. Hakutukumbusha, Mungu ambariki kijana huyu.

Anatoa valvu ya mpira, anapitisha sensa kwenye tundu lilelile la rimu, anaikaza nati polepole kwa spana maalumu, maana ukilazimisha inavunjika. Anarudisha tairi akiwa mwangalifu mashine isikiponde kidude. Mwenzake akaja na kile kimashine, akakisogeza karibu na kila tairi mpaka kikalia. Kikilia maana yake sensa imeamka. Baba Bupe aliomba ashike moja kabla haijafungwa. Akaigeuzageuza kiganjani.

"Na ikishaingia, itakaa humo gizani miaka mingapi?"

"Saba, kumi. Inategemea."

"Ndaga," akamshukuru Jailos kwa Kinyakyusa, akairudisha kwa mikono miwili. Nilipowasha gari, taa ya sufuria iliwaka kidogo ikazimika. Utepe niliubandua kwa kucha.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi ya leo baridi kali, taa imewaka. Baridi ikiwa kali upepo unasinyaa, anasema. Tumekwenda kujaza. Mimi nabana mpira, yeye anasoma geji na kunifokea nisizidishe. Abiria mbaya sana huyu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Amekwenda kanisani na fimbo. Jioni ameitoa miguu nimtazame, lakini amegeukia ukutani mpaka nimemaliza, na alitaka pazia na mlango vifungwe. Sijasema kitu. Mimi, sijasema kitu!

Jumatano, 30 Aprili

Ukutani.

Jumapili, 11 Mei

Ukutani. Miguu safi. Mvua zinaisha, majani ya mahindi yameanza kukauka.

Jumamosi, 17 Mei

Tuko Kilolo kwa kaka yangu Philbert, tumekuja kuvuna. Nimeendesha kutoka Mbeya mwenyewe, tukalala kwa Bupe, leo tumepanda huku milimani. Njia nzima Baba Bupe ananiambia punguza, ongeza, kaa kushoto, lori hilo lina mzigo liache lipite. Lakini hadithi zimerudi. Nimeambiwa tena nani alioa wapi.

Wanawake tulikuwa tunavunja mahindi, wanaume wanabeba kwenda uani. Yeye tulimpa kiti apukuchue, na alikatazwa kushuka shambani. Aliposhuka sikumwona. Nilisikia tu sauti yake, kubwa, mbele ya kaka yangu na wake za watu wote wale:

"Mama Bupe! Njoo unitazame mguu."

Nikaacha kikapu nikaenda mbio. Amekaa juu ya gunia, kiatu amekwisha vua mwenyewe, soksi pia, ule mguu wa kushoto, ule mzima wenye vidole vyake vyote. Ameunyosha mbele, peupe. Kwenye soksi kulikuwa na doa jekundu.

"Nimeona damu," akasema. "Sijui inatoka wapi."

Philbert akatazama kwingine kwa heshima. Nikakaa chini kwenye mabua, nikauweka mguu kwenye mapaja yangu, nikautafuta. Mwiba ulikuwa umepenya soli ya kiatu ukaingia kisiginoni, ukakatikia humo ndani. Aliutembelea mwiba huo kutoka shambani mpaka pale. Nikaomba maji na kibano, nikaosha, nikaanza kuuvuta.

Hakugeukia popote. Hakutazama mguu pia. Alikuwa ananitazama mimi usoni, macho hayabanduki, anaufuata uso wangu kila nikivuta. Mwiba ukatoka, mrefu, nikauweka kiganjani mwangu.

"Inauma?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia hapana, imekwisha. Nikautazama ule mwiba.

"Inauma, Baba Bupe," nikamwambia. "Inauma sana."

Akakunja uso. "Basi osha polepole," akasema, akanishika bega.